Slaidi ya gari-nyumba lililoegeshwa: uiwekee kriki au uiache ining'inie?

Mwenye gari-nyumba au karavani yenye slaidi, yaani kile chumba kinachosukumwa nje ya ukuta gari likishasimama, haachi kuitazama kwa wasiwasi. Kitanda, kabati, pengine hata friji, vyote vinaning'inia hewani bila nguzo. Mkono unamwasha: anatafuta kriki (jeki) mbili, anazisimamisha chini ya ukingo wa nje, anazikaza, analala akiwa ametulia.

Jibu letu ni fupi. Usiweke kriki chini ya slaidi isipokuwa mtengenezaji wa gari hilo amesema uweke, na amekuonyesha mahali. Nguvu na fedha zako zipeleke kwenye ardhi na kwenye fremu, yaani ile mihimili ya chuma inayobeba gari kwa chini. Slaidi inayotikisika, inayopitisha mvua au inayogoma kurudi ndani, mara nyingi inaonyesha ubaya ulio chini ya fremu, na kriki ya ukingoni haiponyi ubaya huo. Inauficha kwa wiki chache, kisha inauongeza.

Lubumbashi magari haya si mengi, na fundi wa kwanza utakayemwita huenda hajawahi kuifungua slaidi hata moja. Ndiyo maana maelezo haya ni marefu, na yamepimwa kwa udongo wa hapa: mwekundu, mkavu na mgumu mwezi wa nane, tope tupu ifikapo Januari.

Kwa nini slaidi hubebwa na fremu

Slaidi zilianza kuenea katika magari-nyumba ya Marekani mwaka 1990, kampuni ya Newmar ya Indiana ilipoanza kuzifunga kiwandani. Tangu hapo wazo la msingi halijabadilika: chumba kinakwenda nje pamoja na mikono, reli au nyaya zake, na uzito wake wote unarudi kwenye fremu na ukuta wa gari. Upande wa nje umehesabiwa ukae hewani. Hauna egemeo kwa sababu hakuna aliyekusudia uwe nalo.

Sasa weka kriki ukingoni, halafu fikiria yatakayotokea usiku. Gari halikai pale pale. Tairi hupunguza hewa. Mguu wa kusawazisha huzama kidogo. Kama gari lina mifuko ya hewa badala ya springi, mifuko huvuja polepole. Watu wanne wakiingia kulala, au ukijaza tangi la lita 200, umeongeza kilo 200 au zaidi na fremu inashuka. Kriki haishuki. Ukingo wa nje unabaki juu, ukingo wa ndani unashuka na gari, na chumba kizima kinapinda.

Chukua slaidi yenye kina cha sentimita 90 na urefu wa kwenda juu sentimita 190. Fremu ikishuka sentimita 2 tu huku ukingo wa nje umezuiwa, sehemu ya juu ya chumba inataka kuegemea ndani kwa zaidi ya sentimita 4. Kinachoizuia isifike huko ni meno, mikono, roli na skrubu zilizoshika ukuta, na hizo ndizo zinazopinda au kung'oka. Ule mpira wa juu uliokuwa umebana ukuta unaachia, pengo linafunguka, na mvua ya kwanza ya Novemba inapita humo humo. Mwenye gari anaona maji juu, anapaka silikoni juu, wala hashuku kriki iliyo chini.

Jua kwanza slaidi yako inasukumwa na nini

Ingia chini ya gari na tochi, slaidi ikiwa ndani na gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Utakuta mojawapo ya namna hizi nne.

Ya kwanza ni mikono ya chuma yenye meno. Mihimili miwili inaingia na kutoka chini ya sakafu, ikizungushwa na mota moja ya volti 12. Hii ndiyo yenye nguvu na ndiyo inayovumilia makosa. Ya pili inafanana nayo ila inasukumwa na pampu ya mafuta. Utaona mabomba na pistoni.

Ya tatu haina kitu chini. Reli nyembamba zenye meno zimefungwa kwenye kuta mbili za pembeni za slaidi, juu na chini, na kila upande una mota yake. Watu wengi huiita kwa jina la Schwintek. Ni nyepesi, inapendeza, na ndiyo inayoumizwa haraka kuliko zote na kriki, kwa sababu ukiinua sakafu unaitoa reli kwenye gia yake. Chini ya slaidi ya namna hii usiweke kitu, hata kipande cha mbao cha kushikilia tu.

Ya nne ni ya nyaya. Nyaya za chuma zinapita kwenye kapi na kuvuta kila kona. Ukiinua ukingo, nyaya za upande mmoja zinalegea, na waya uliolegea huruka nje ya kapi siku utakapobonyeza kitufe.

Kuna pia slaidi ambazo sakafu yake hushuka mwishoni mwa safari ili ilingane na sakafu ya gari. Hizi hutelemka sentimita kadhaa mwisho kabisa, na hupanda tena zinapoanza kurudi. Ukiwa umetegesha kitu chini kabla haijafika mwisho, itatua juu ya kitu hicho kwa uzito wake wote.

Ardhi: hapa ndipo kazi ilipo

Tafuta mahali pa kuegesha kabla ya kufikiria kriki yoyote. Chukua kipande cha chuma cha beto cha milimita 12, chenye urefu wa mita moja. Kisimamishe wima pale mguu wa gari utakapokaa, ukiegemee kwa uzito wako bila kukipiga nyundo. Kikiingia chini ya sentimita 3, ardhi inafaa kwa pedi ya kawaida, yaani kipande kipana kinachowekwa chini ya mguu wa gari. Kikiingia sentimita 3 hadi 10, utahitaji pedi pana. Kikizidi 10, hama, au ondoa udongo huo na ujaze kokoto ulizozishindilia kwa tabaka za sentimita 10. Pima kila mahali pa mguu, si mahali pamoja tu, na kama ni kiangazi mwaga kwanza ndoo mbili za maji na usubiri nusu saa. Udongo mkavu wa Agosti hudanganya.

Jihadhari na kichuguu. Katanga ina vichuguu vikubwa kama nyumba, na viwanja vingi pembezoni mwa Lubumbashi vimesawazishwa kwa kuvikata. Ukiona duara la udongo wa rangi tofauti, laini, usio na mawe, ule ambao watu huupenda kwa kufyatua matofali, hapo palikuwa na kichuguu. Chini yake mara nyingi kuna mashimo na njia za mchwa. Fimbo yako itapita kwa ghafla baada ya sentimita 20 au 30 za ugumu. Mguu wa gari uliokaa juu ya mahali kama hapo unaweza kukaa imara miezi miwili, kisha ukazama usiku mmoja wa mvua.

Angalia pia maji yanakokwenda. Gari likikaa njiani mwa maji ya mtaa, chimba mfereji wa kina cha sentimita 20 upande wa juu kabla ya Novemba, uyazungushe mbali na pedi.

Hesabu ya pedi

Mguu wa kusawazisha wa gari la tani 10 hubeba takriban kilo 2,500. Bamba lake la chini likiwa na kipenyo cha sentimita 22, eneo lake ni kama sentimita za mraba 380, yaani kilo 6.6 kwa kila sentimita ya mraba. Udongo laini wa mfinyanzi haubebi hata kilo 0.75. Ukiweka pedi ya sentimita 60 kwa 60, eneo linakuwa 3,600 na mgandamizo unashuka hadi kilo 0.7. Huko ni mpakani kabisa kwa udongo laini, na ni salama kwa udongo uliopimwa kwa fimbo ukaonekana mgumu. Karavani ya kuvutwa yenye tani 4 na nusu haina shida hiyo: sehemu kubwa ya uzito iko kwenye magurudumu, na kila mguu wa mbele ukibeba kilo 450 hivi, pedi ya 30 kwa 30 inatosha.

Upana peke yake hautoshi. Ubao mmoja wa sentimita 5 chini ya mguu mdogo unapinda katikati, kingo zinainuka, na udongo unabebeshwa katikati tu, kama vile hukuweka pedi. Tengeneza hivi kwa kila mguu wa gari zito: tabaka mbili za madrie (mbao nene) ya sentimita 5, zikipishana kwa msalaba, zimeunganishwa kwa bulon za milimita 10 ambazo vichwa vyake vimezamishwa, juu yake bamba la chuma la sentimita 30 kwa 30, unene milimita 8. Bamba hilo mchomeleaji yeyote wa mtaa atakukatia. Mwambie azungushe kingo nne za chuma chembamba kwa juu, kimo cha sentimita 2, ili mguu usiteleze. Kwa mbao chagua ngumu. Mulombwa ni nzuri ukiipata kavu. Ubao mbichi utapasuka ukikauka.

Vitu vitatu usivitumie kamwe: tofali la kuchoma, bloku ya simenti na jiwe la duara. Tofali na bloku havipindi kwanza kukuonya. Vinakaa, vinakaa, halafu vinapasuka kwa mara moja. Bloku yenye matundu ni mbaya zaidi, hasa ikilazwa kwa ubavu.

Mbao ikigusa ardhi ya hapa, mchwa watakuja. Paka upande wa chini na kingo lami, uiache ikauke kabisa kabla ya kuitumia, na kila wiki tazama kama kuna njia nyembamba za udongo zinazopanda ubavuni. Ukiziona, zivunje, kisha gonga ubao kwa nyundo. Sauti ya utupu maana yake pedi hiyo imekwisha.

Kusawazisha na kutoa slaidi

1. Weka vizuizi vya magurudumu mbele na nyuma, pande zote mbili, kabla ya kuachanisha karavani na gari linaloivuta. Vya mbao vyenye pembe kali, si mawe.

2. Sawazisha kushoto na kulia kwanza. Kwa karavani, pandisha magurudumu ya upande wa chini juu ya mbao. Usijaribu kuinua upande kwa miguu ya kutuliza. Miguu hiyo myembamba ya kona imetengenezwa kuzuia mtikisiko, haikuumbwa kubeba gari.

3. Sawazisha mbele na nyuma kwa mguu wa mbele au miguu ya mafuta. Weka nivo ya sentimita 60 sakafuni, karibu na mlango wa slaidi, kwa urefu na kwa upana. Povu likiwa kati ya mistari, inatosha. Kama huwezi kupata usawa kamili, acha upande wa slaidi uwe chini kidogo, nusu povu, ili maji ya mvua yaliyo juu ya slaidi yaende nje.

4. Kama gari lina mifuko ya hewa, itoe hewa kwa namna mwongozo wa gari unavyosema na uache gari litulie kwenye miguu yake. Fanya hivyo sasa, kabla ya slaidi kutoka.

5. Teremsha miguu ya kutuliza hadi iguse pedi, kisha ongeza nusu mzunguko. Basi. Ukiendelea kukaza unaipinda fremu, na mlango wa kuingilia utakuambia: utaanza kukwaruza juu.

6. Pima batri. Ikiwa imetulia na imejaa inaonyesha volti 12.6; ikiwa 12.2 imebaki nusu. Usianze chini ya hapo. Washa injini, au unganisha chaja, au chukua nguvu kwa nyaya kutoka gari jingine. Mota ya slaidi ikila umeme hafifu inakwenda kwa kusitasita, na zile zenye mota mbili hupishana: upande mmoja unatangulia, chumba kinakwama kwa mshazari. Gari la Marekani lina chaja ya volti 120. Umeme wa hapa ni volti 220. Bila transfoma chaja hiyo itaungua mara moja. Slaidi yenyewe haihusiki na volti hizo, inatumia 12 tu, kwa hiyo paneli ya sola yenye kidhibiti chake hukuokoa umeme wa mtaa ukikatika.

7. Ondoa vyuma vya kufungia slaidi vya safarini. Hivi husahaulika sana, na mota haijui kama vipo. Itavuta hadi kitu kivunjike. Hakikisha kuna nafasi ya wazi nje, sentimita 30 zaidi ya kina cha slaidi, na ndani hakuna kiti, kiatu wala mtoto njiani.

8. Mtu mmoja abonyeze kitufe, mwingine asimame nje akitazama kingo zote mbili. Itoe kwa safari moja bila kusimama katikati. Kwa slaidi yenye mota mbili, endelea kushikilia kitufe hadi zote zisimame zenyewe, kisha sekunde chache zaidi. Hapo ndipo zinapolingana upya.

Vipimo vinne vinavyokuambia ukweli

Slaidi ikishatoka, usiitazame kwa jicho. Chukua rula ndogo na karatasi ya kubandika. Kwa ndani, pima nafasi kati ya ukingo wa slaidi na ukuta wa gari mahali panne: juu kushoto, juu kulia, chini kushoto, chini kulia. Andika namba kwenye karatasi, pamoja na tarehe, ibandike pale pale. Rudia baada ya saa moja, kesho asubuhi, na baada ya mvua kubwa ya kwanza.

Namba hizi ni za thamani kuliko ushauri wa mtu yeyote atakayesimama nje akakuambia slaidi imeinama. Tofauti ya milimita 1 au 2 ni kawaida. Juu zikiongezeka huku za chini zikipungua, upande wa nje unainuliwa au fremu inashuka. Za chini zikiongezeka, upande wa nje unashuka: mikono imechoka, bulon zimelegea au mzigo umezidi. Kushoto na kulia zikitofautiana kwa zaidi ya milimita 6, mota au mikono haiendi pamoja, na hapo usiirudishe slaidi ndani mpaka ujue sababu.

Slaidi inatikisika ukitembea ndani

Hili ndilo linalowapeleka watu kwenye kriki, basi tulishughulikie vizuri. Muweke mtu mmoja arukeruke polepole ndani ya slaidi, wewe uwe nje. Tazama magurudumu kwanza. Gari zima likiyumba, slaidi haina kosa: kaza vizuizi vya magurudumu, ongeza pedi, kagua kama mguu mmoja umeachia ardhi. Karavani yenye ekseli mbili inatulia sana ukibana kizuizi cha skrubu kati ya magurudumu mawili ya upande mmoja.

Gari likitulia na slaidi ikaendelea kucheza, nenda kwenye mikono. Shika bulon zote kwa kle, moja moja. Barabara mbovu hulegeza bulon, na gari lililotoka Kolwezi au Likasi likiwa limesheheni linastahili kukaguliwa kabla ya kulala humo. Tumia nguvu iliyoandikwa katika mwongozo. Ukikaza kwa hasira unakata uzi. Angalia roli chini ya sakafu: iliyopasuka au yenye upande bapa ibadilishwe.

Kisha tazama kilichomo ndani ya slaidi. Mara nyingi gari limegeuzwa ofisi au zahanati ya kuhamahama, na mtu ameongeza kabati la chuma, friji ya dawa, katoni za karatasi. Katoni moja ya rimu tano za karatasi ina kilo 12 hivi. Katoni 20 zikipangwa ukutani mwa slaidi ni kilo 240 mahali pasipohesabiwa. Hamishia vitu vizito juu ya ekseli, kwenye sakafu ya gari lenyewe. Dawa hii haigharimu hata faranga moja, nayo hufanya kazi kuliko kriki yoyote.

Pale egemeo linaporuhusiwa

Yapo magari ambayo mtengenezaji amefunga miguu ya slaidi kiwandani, hasa matrela ya kazi yenye vyumba vipana na mitambo mizito ndani. Hayo yatumie miguu yake, kwa mpangilio wa mwongozo wake. Lipo pia gari litakalokaa mahali pamoja miezi mingi, lenye mikono ya chuma, ambalo mtengenezaji anaruhusu egemeo. Kwa hali hizo mbili, fanya kwa utaratibu huu.

Tumia egemeo la skrubu la tani 1 au 2, mawili kwa kila slaidi. Usitumie kriki ya mafuta. Kriki ya chupa ina nguvu nyingi mno: mkono wako hausikii pale inapoacha kugusa na kuanza kuinua, na sakafu ya mbao ya slaidi itaumia kabla hujajua. Tena hushuka yenyewe usiku, na upande mmoja ukishuka slaidi inabaki imebebwa na kona moja.

Mahali pa kuweka ni chini ya mhimili wa chuma au ncha ya mkono wa kusukumia. Gonga kwa kidole: chuma kinalia, mbao iliyofunikwa plastiki inatoa sauti nzito. Kwenye mbao usiweke. Juu ya egemeo weka bamba la sentimita 10 kwa 10 lenye mpira. Chini weka pedi ya 30 kwa 30 kwenye ardhi iliyopimwa kama ile ya miguu.

Saa ya kukaza ina maana kubwa. Juni na Julai usiku wa Lubumbashi hushuka chini ya nyuzi 10, mchana hupita 25. Kwa tofauti ya nyuzi 20 hewa ya tairi hubadilika kwa karibu asilimia 7, na gari lililokaa kwenye magurudumu hupanda na kushuka nayo. Kaza wakati fremu iko chini kabisa: asubuhi na mapema, tangi limejaa, watu wako ndani. Hapo mabadiliko mengi ya siku yataiinua fremu na kuacha nafasi juu ya egemeo, na nafasi haimuumizi mtu. Ukikaza mchana gari likiwa tupu, jioni gari lote litajaribu kukaa juu ya slaidi.

Zungusha skrubu kwa vidole, bila kle. Weka kipande cha karatasi kati ya mpira na chuma. Karatasi ikitoka kwa kukwaruza kidogo bila kuchanika, acha hapo. Rudia vile vipimo vinne. Ikiwa namba yoyote imebadilika, umeinua, legeza. Wiki ya kwanza jaribu karatasi kila asubuhi, baadaye kila wiki, na baada ya kila mvua nzito siku hiyo hiyo. Karatasi ikigoma kutoka, usilegeze egemeo tu ukaondoka: fremu imeshuka mahali, tafuta mguu uliozama au tairi iliyopungua.

Ikiwa unachotaka ni kupunguzia magurudumu na springi uzito wakati wa kukaa muda mrefu, shandeli za skrubu, yaani stendi za chuma za kubebea gari, zinakwenda chini ya fremu, mahali mwongozo unapoonyesha, kwa jozi kushoto na kulia. Hazikai chini ya bomba la ekseli wala chini ya sakafu. Na mtu asiingie chini ya gari lililobebwa na kriki peke yake, hata kwa dakika ya kuokota nati.

Vumbi, mvua na jakaranda

Kiangazi vumbi jekundu hushika grisi na kuifanya msasa. Reli na mikono ifute kwa kitambaa kikavu, kisha pulizia mafuta makavu ya silikoni au ya tefloni. Grisi ya kawaida iache kwa ekseli. Mipira ya kuzuia maji ioshe kwa maji na sabuni laini kila miezi mitatu, ikikauka ipake dawa ya mpira isiyo na petroli. Oili ya injini huivimbisha na kuilegeza.

Ukiegesha chini ya jakaranda, Septemba na Oktoba paa la slaidi litafunikwa maua. Yanapendeza, lakini yakilowa yanakuwa uji unaoziba njia ya maji, na ukiirudisha slaidi yanaingia nayo ndani na kukaa chini ya mpira. Mwembe ni mbaya zaidi: embe bichi likianguka kutoka juu linatoboa paa jembamba. Egesha pembeni ya kivuli, si katikati yake.

Kuirudisha ndani

Panda ngazi, fagia paa la slaidi, kausha maji kwa kitambaa. Ondoa maegemeo yote kwanza na uyapange mbele ya mlango wa kuingilia, yahesabiwe. Egemeo lililosahaulika chini ya slaidi inayorudi huanguka kando na kuchana sakafu. Tazama vile vipimo vinne mara ya mwisho. Pima batri. Gari libaki sawa juu ya miguu yake: kuinua miguu kabla ya kuvuta slaidi kunalipindisha gari wakati chumba kiko nje.

Vuta kwa safari moja, mtu mmoja akiwa nje. Ikisimama katikati, usibonyeze mara kumi kwa kumi. Subiri dakika tano mota ipoe, angalia fyuzi, angalia kama kuna kitu kimebanwa ndani, halafu jaribu mara moja. Ikigoma tena, tumia mkono wa kuzungushia ambao slaidi ya mikono yenye meno kwa kawaida huwa nao; jua mahali ulipo na saizi ya soketi yake leo, mchana, kabla hujauhitaji gizani kwenye mvua. Slaidi ikishafunga, rudisha vyuma vya kufungia, pandisha miguu ya kutuliza, kisha ya kusawazisha, na vizuizi vya magurudumu viwe vya mwisho kutoka, baada ya karavani kushikwa na gari linaloivuta.

Pedi zikiwa zimebaki chini, kabla hujazipakia, weka rula juu ya ardhi ya pembeni na upime kila moja imezama kiasi gani. Iliyozama zaidi ya sentimita 1 iandike pamoja na mahali ilipokuwa. Utakaporudi kuegesha kiwanja hicho hicho, hapo ndipo pa kuongeza kokoto.